Moja Kumi na Moja Juu ya Mlango

4 Februari

Kwa mdogo wangu, Profesa wa Pasi,

Nakusalimu kwa sababu tumeamriwa kusalimiana, usije ukadhani nimekukumbuka. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Shangazi naye mzima ila magoti. Anasema siku hizi likilia la kulia, la kushoto linaitikia. Muuza mkaa wa jirani amepata mapacha, wote wawili wana sura ya watu wanaodai. Sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, nalala katikati ya kola na vifungo. Kazi ipo, na mwenye kazi hashindi akiwaza vya watu.

Barua yako nimeipata. Nilimsomea Shangazi, tukacheka hadi akaomba maji. Eti umefika elfu kumi na tisa! Mwanamume mwenye mvi kidevuni, kazi yake kunyoosha mashuka ya wageni hotelini, wenzake wanakula cha mchana, yeye anainamia meza ya pasi anagawa namba. Huko hawakuulizi umerogwa na nani?

Nikukumbushe, maana naona mvuke umekupanda kichwani. Baba yetu seremala alichonga mistari kumi na moja juu ya mlango wa mbele, imesimama bega kwa bega, kila mstari ni tarakimu ya moja, akasema hiyo ni namba moja kubwa na hakuna wa kuigawa. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho, sisi wawili, watoto wake pekee, tulikwisha anza kuvutana. Wewe ulitaka nyumba iuzwe kila mtu apate fungu lake, mimi nilitaka nibaki nilipo na cherehani yangu. Akatuita, Shangazi akiwa shahidi. Akasema: “Nyumba hii isiguswe mpaka mmoja wenu aigawe namba yangu bila kubakisha kitu. Na aigawe kwa mkono wake, si kwa mashine.” Tukaapa. Mimi niliapa kwa moyo mweupe. Wewe uliapa huku macho yanatafuta kalamu.

Miaka miwili hiyo. Tulipokosana matangani nilisema sitaki tena kuisikia sauti yako, na sijajuta. Karatasi inatosha, hata ukiinyoosha kwa pasi.

Gawa, baba, gawa. Mimi naomba kila siku isigawanyike, na anayesikiliza maombi yangu hana haja ya kalamu.

Dada yako

27 Februari

Kwa Dada, Mtakatifu wa Cherehani,

Shikamoo. Mimi sijambo. Huku tumeletewa mashine mpya ya kukamulia nguo, inaruka sakafuni kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Mwenzangu mmoja imemvunja kidole cha mguu. Mpe Shangazi pole ya magoti, na mapacha wa mkaa wakue.

Umenicheka, vizuri. Sasa nikufundishe, ujue unachokicheka.

Baba hakuchonga kumi na moja kwa kubahatisha. Alianza na chache. Moja mbili ni kumi na moja, haigawanyiki, hilo hata wewe unalijua. Moja tatu ni thelathini na saba mara tatu. Moja nne ni mia na moja mara kumi na moja. Moja tano zilimsumbua wiki nzima, akapata arobaini na moja mara mia mbili sabini na moja. Zikiwa jozi jozi, kumi na moja inazimeza. Zikiwa tatu tatu, tatu inazila. Moja saba zilimla mwezi, nazo zikakubali kwa mia mbili thelathini na tisa. Alipofika moja kumi na moja akakwama. Akajaribu mpaka penseli ya seremala ikawa kipande cha kushika kwa kucha, akasema basi, hii ni ya Mungu.

Mimi nasema hakufika mbali, ndiyo maana. Wala sigawi kwa kila namba kama unavyodhani, nagawa kwa namba tasa tu, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Namba isiyo tasa imeundwa na zilizo tasa, kwa hiyo ukishajaribu tasa umejaribu zote. Na sina haja ya kwenda milele. Nikifika laki moja na elfu tano na ushee bila kupata tasa yoyote inayoingia, basi haipo. Namba mbili zikizidishwa kutoa hiyo yetu, lazima moja iwe chini ya hapo. Elewa usielewe, ndivyo ilivyo.

Nikiipata, utaziondoa kola zako kitandani.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Shangazi anakusalimu, ameanza kutembea na fimbo na sasa anapigia hodi kwa fimbo hiyo hiyo mpaka mlango umepata kovu. Mmoja wa mapacha alilazwa, karudi salama, tumeshukuru. Mimi naumwa bega la upande wa gurudumu. Nimeagiza mafuta, nikaletewa ya kupakia cherehani. Nikapaka, na bega limepona kidogo. Usicheke.

Kwanza, lile neno ulilolirudia kuziita namba zako usiniandikie tena. Mume wangu alizikwa bila mtu wa kumwita baba, na maneno ya kunieleza mimi wakwe waliyamaliza yote. Tafuta jina jingine.

Pili. Wiki iliyopita alikuja mteja wangu, mwalimu wa sekondari, kujaribu blauzi. Akiwa amesimama na pini mgongoni akaniuliza, “Mama, mistari ile mlangoni ni hirizi?”

Nikamwambia, “Si hirizi, ni upumbavu wa kurithi.”

Nikamsimulia. Akatoa simu mfukoni, akabonyeza zile moja akizihesabu kwa sauti kama mtoto. Kabla sijatoa pini ya pili akasema, “Haya, jibu hili hapa.”

Nikamwambia, “Nionyeshe mimi tu, usilitamke.” Shangazi alikuwa barazani na masikio yake hayana magoti.

Kwa hiyo jibu ninalo, Profesa. Ulichokitafuta miaka miwili simu imekitoa mteja akiwa na mkono mmoja hewani. Na sikwambii. Wewe umeapa kwa mkono wako, nami nakusaidia kutimiza kiapo. Endelea kutoka jasho.

Dada

20 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole ya bega. Mimi mzima. Msimamizi wetu kafukuzwa, kaja mwingine anayenusa mashuka moja moja kama mbwa wa forodha.

Nimekusoma. Sasa nisome mimi.

Kama simu ingesema haigawanyiki, wewe ungekodi tarumbeta. Ungeniandikia siku hiyo hiyo, kwa herufi kubwa, na chini yake ungeweka mstari wa maombi kuniombea unyenyekevu. Nakujua tangu tukilala mkeka mmoja: ukishinda, mtaa mzima hauli kwa amani. Lakini umeficha. Kwa hiyo inagawanyika, na umeogopa.

Asante kwa jibu, Mtakatifu. Sasa nagawa kwa furaha.

Mdogo wako

15 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo. Shangazi kapata meno mapya, hayamkai, anayavaa siku za ibada tu. Mvua imekataa.

Umejiona una akili, mpaka nimekuonea huruma. Fikiri tena, taratibu, kama mtu anayefungua mshono bila kuchana kitambaa. Chukua kwamba haigawanyiki. Chukua pia kwamba dada yako anakudharau tangu siku ile ulipomwachia kumuuguza Baba peke yake ukasema umekwenda kutafuta dawa, ukarudi na viatu vipya. Na anapenda ukae hapo mezani miaka mingine minne, unagawa kisichogawanyika. Mtu kama huyo angefanya nini?

Angenyamaza hivi hivi.

Lala salama.

Dada

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Msalimie Shangazi na meno yake. Mimi nilishikwa na homa siku chache, imepita. Hotelini wamepunguza watu. Tulikuwa wanne wa kunyoosha, sasa tuko wawili, na mashuka hayajui kwamba tumepungua.

Barua yako ya Mei nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Sijui tena unachokijua. Nikiamini inagawanyika, nasikia ukicheka. Nikiamini haigawanyiki, nasikia ukicheka zaidi. Nimeamua nisikuamini kabisa, ndipo nikapata usingizi.

Nimepita elfu ishirini na tatu kwa zile namba zako zisizotajwa jina. Kimya. Kila moja inabakisha kitu, nyingine maelfu, nyingine mamia. Kuna moja tu ilinitania, elfu ishirini na moja mia sita arobaini na tisa. Niligawa vizuri, nikashusha moja zote mpaka ya mwisho, ikabaki moja. Moja tu, Dada! Kama mtu aliyekimbilia basi akaligusa kwa kidole likaondoka. Nilicheka peke yangu, yule mnusaji akadhani namcheka yeye.

Bado njia ndefu. Hapa nilipo ni kama robo ya safari.

Mdogo wako

25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu karibu miezi miwili. Nimeuliza kwa muuza mkaa, kasema mko wazima, kasema anakuona dirishani unashona. Basi ni mimi tu.

Mimi nimechoka. Si mgonjwa, nimechoka. Juzi niliunguza shuka jeupe katikati, alama ya pasi kamili, kwa sababu kichwani nilikuwa kwenye elfu ishirini na nne na kitu. Nimekatwa mshahara na nimetukanwa mbele ya vijana. Nikakaa kwenye lundo la nguo chafu nikajiuliza: Mtu huyu anafanya nini?

Namba ya Baba imenishinda. Alikuwa sahihi, hii ni ya Mungu. Nyumba ni yako. Nitamwandikia Shangazi kama shahidi kwamba nimeacha. Karatasi zangu sizichomi, ila sizifungui tena.

Furahi. Usinitumie barua ya kufurahi, furahi tu.

Mdogo wako

19 Septemba

Mdogo wangu,

Shangazi hajambo. Mapacha wameanza kusimama kwa kushikilia magunia ya mkaa, usiwaulize rangi. Mimi sijambo mwilini.

Nilinyamaza kwa sababu barua yako ya Juni ilinikuta nakata kitambaa, nikaisoma nikakata vibaya. Suruali ya mtu ikawa kaptula.

Barua ya Agosti ilipofika, Shangazi naye alikwisha pata ya kwake. Akaja na fimbo yake, akaketi, akanitazama.

“Nyumba imekuwa yako,” akasema. “Mbona sisikii kigelegele?”

“Koo linaniuma.”

“Tangu lini koo lako likauma siku ya kumshinda ndugu yako?”

Nilikwenda kuomba. Unajua mimi nikiomba maneno hayanipungukii, huwa naongeza na ya majirani. Siku hiyo nilipofika pa kushukuru kwa nyumba, mdomo ukagoma. Nikajaribu na kesho yake. Ukagoma. Nikaona niko kama mtu anayemwomba mwenye duka baraka juu ya kitu alichokwisha kumwibia na kukificha kwenye kanga.

Sasa nisikilize, na usidhani nimekupenda ghafla. Maisha yangu yote nimekudharau kwa jambo moja: kazi zako huzimalizi. Meza uliyoanza na Baba ina miguu mitatu mpaka leo. Ukimfulia mtu utasahau kusuuza. Nilisema, angalau kwenye ujinga huu wa namba amekuwa mtu, miaka miwili hajaruka hata moja. Nilianza hata kukuheshimu kidogo, kwa siri, nikaomba toba. Kumbe umeruka! Na mimi nikae kwenye nyumba hii mpaka nife, nikijua nimeipata kwa uzembe wako? Nikushinde kwa sababu umekosea hesabu? Huo si ushindi, hayo ni makombo. Mimi sili makombo yako.

Ile iliyokubakishia moja, irudie. Elfu ishirini na moja mia sita arobaini na tisa. Ndiyo niliyoonyeshwa kwenye simu.

Nimemwambia Shangazi kabla sijafunga bahasha. Amevua meno, akayaweka mezani, akasema, “Baba yako angekuchapa, halafu angekwenda nyuma ya nyumba kulia.” Sijui maana yake. Nimeendelea kushona.

Mpumbavu wewe.

Dada

8 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Msalimie Shangazi, meno na magoti. Mimi mzima.

Nilitaka kukataa. Nilisema namba niliyotafuniwa siimezi. Halafu nikasema, Baba alitaka mkono wangu, hakusema masikio yazibwe. Nikaitoa karatasi ile, nikaitazama, nikaona.

Moja za Baba zote zinafanana, Dada. Ukigawa namba ya kawaida, unashusha tisa, unashusha nne, unajua uko wapi. Hizi, umeshusha ya saba au ya nane? Hakuna alama. Kwa hiyo mimi hutumia vibanio vya nguo, kumi na moja mezani, kila nikishusha moja nasogeza kibanio. Siku ile niliitwa katikati, mashuka ya ghorofa ya tatu yana kutu. Niliporudi mwenzangu alikwisha vichukua vibanio, kaanikia taulo. Nikaendelea kwa kukumbuka. Nikashusha moja ya kumi na mbili. Moja ambayo Baba hakuichonga. Ndiyo ile iliyobaki.

Nikaanza upya. Nikasimama kwenye ya kumi na moja. Haikubaki kitu. Inaingia mara laki tano, elfu kumi na tatu, mia mbili thelathini na tisa. Nikazizidisha kurudi, zikatoka moja, moja, moja, mpaka mwisho, zimejipanga kama askari wanaokaguliwa. Nilingoja furaha, nikiwa na pasi mkononi. Ilikuja kidogo, ikaondoka kwenda kula na wenzangu.

Usidhani umeninunua kwa ukweli. Ukweli ulikuwa deni lako, na ulichelewa miezi. Haki yangu naichukua. Ila siuzi, kwa sababu nimefikiri kama mfanyabiashara: nani atanunua nusu ya nyumba ambayo nusu ya pili una wewe? Hata mwizi angeomba punguzo. Nimeaga hotelini. Nitajenga ukuta katikati, kutenga mbele na nyuma, wewe kwako, mimi kwangu.

Baba alipotugawia mkate, aliyekata hakuruhusiwa kuchagua. Nimekata mimi. Chagua wewe.

Mdogo wako

24 Oktoba

Kwa mdogo wangu,

Kwetu salama, mvua imekubali, imenyesha siku nne mfululizo. Shangazi anasema anataka kukaa katikati ya ukuta, mguu huku mguu kule, ili asikose ugomvi.

Nimechagua mbele.

Naona ulitegemea mcha Mungu achague nyuma, kwenye giza, ili ukae mbele ukijiona mwovu na kunionea huruma. Pole. Dirisha la barabarani ndilo linaloniletea wateja, na Mungu hajawahi kunituma nishone gizani. Mlango wenye mistari uko kwangu. Ukitaka kuitazama utapiga hodi, na nikiwa na nafasi nitafungua. Wewe kaa nyuma, uwanja ni wako na bomba ni lako. Nimekwisha hamisha vitu vyangu, nimefagia, nimekuachia kitanda cha Baba na ile meza ya miguu mitatu. Imalize.

Ukuta jenga mwenyewe, tofali moja unene, isizidi. Nataka ukikohoa nisikie, nijue cha kukusema. Nao uwe mnyoofu. Ukiupinda kuelekea kwangu hata kwa kidole, nitaleta yule mwalimu aupime kwa simu.

Njoo upesi, uje na bati. Mvua hii imenifundisha kitu ambacho sikukijua nilipochagua: paa linavuja nyuma tu.

Dada yako